Timotheo Anapofika Kwetu

Tafakari ya wiki
Masomo: 1 Wakorintho 16:5–18, Yohane 3:1–2, 7:50–52 na 19:38–42



Sura ya mwisho ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho huwa tunaipita haraka. Mafundisho makubwa yamekwisha kutolewa: upendo katika sura ya 13, ufufuko katika sura ya 15. Sura ya 16 imebeba mambo ya kawaida: mchango kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, mipango ya safari, salamu za fulani kwa fulani. Lakini humo humo Paulo ameweka agizo moja ambalo naomba tukae nalo wiki hii nzima. Timotheo yuko njiani kuja Korintho. Paulo anawataka Wakristo wa huko wahakikishe kwamba kijana huyo haishi kwa woga muda wote atakaokuwa kwao, kwamba hakuna anayemdharau, na kwamba siku ya kuondoka anasindikizwa kwa amani.

Tazameni agizo hilo limepewa nani. Mwenye woga ni Timotheo, lakini wanaoagizwa ni wenyeji wake. Paulo anamfahamu vizuri mtoto wake huyu wa kiroho kutoka Listra, aliyelelewa katika imani na mama yake Eunike na bibi yake Loisi. Anaifahamu pia Korintho, mji wa bandari wenye watu waliopenda sana ufasaha wa maneno, ambao hata kanisani walikuwa wamegawanyika kwa kushindanisha wahubiri: huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Apolo alikuwa msemaji hodari, na wakati huo hakuwa tayari kwenda. Anayekwenda ni Timotheo, kijana, mbele ya watu waliozoea kumpima kila anayefungua mdomo. Ndiyo maana Paulo hakuridhika kumwambia Timotheo ajikaze. Aliwaambia Wakorintho wamtengenezee mahali pa kukaa bila hofu.

Nimelichagua agizo hili kwa sababu akina Timotheo tunao, na ni wengi.

Tunaye kijana anayeitazama simu ikiita mpaka ikate, kisha anaandika: "Samahani, sikuisikia, niandikie tu." Tunaye anayechati hadi saa nane za usiku, mcheshi na mwenye maneno matamu, lakini mtu huyo huyo akimwona kituo cha daladala anavuka barabara. Tunaye binti anayelijua jibu darasani na hanyooshi mkono. Tunaye aliyeacha kwaya tangu mwalimu alipoanza kuwaimbisha mmoja mmoja. Tunaye mhitimu aliyeitwa kwenye usaili, akafika mpaka getini, akageuza, akawaambia wa nyumbani kwamba nafasi zilikuwa zimejaa. Na Jumapili wapo wanaoingia Misa ikiwa imeanza na kutoka kabla ya matangazo, kwa sababu kinachowatisha ni zile dakika kumi za kusalimiana nje ya kanisa.

Sisi watu wazima tuna majina ya kuwapa. Ana maringo. Ana dharau. Hana adabu, anapita bila hata shikamoo. Simu imemharibu. Mara nyingi tunakosea, na tukikosea hivyo tunaongeza mzigo juu ya mzigo. Kijana aliyeshindwa kutoa salamu kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio na ulimi umekauka anarudi nyumbani akiwa na jambo la pili la kuogopa: sasa wananiona sina adabu.

Hofu hii ya macho ya watu ni jambo la kweli, na inajulikana. Kuona haya kidogo mbele ya wageni ni ubinadamu, tena haya imewalinda wengi wasiropoke. Lakini kuna hofu inayovuka kiwango hicho, inayomfanya mtu akimbie shule, kazi, marafiki na hata sala. Tangu mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani umeitaja kama tatizo linalojitegemea, na kwa kawaida huanza katika miaka ya ujana, wakati ule ule mtoto anapoanza kuelewa kwamba watu wanamtazama. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na wasiwasi uliopita kiasi ni miongoni mwa matatizo yanayoonekana zaidi. Fanyeni hesabu hiyo katika darasa la kipaimara la parokia yenu. Hao saba wameketi benchi moja, na yule mmoja ana hakika kwamba ni yeye peke yake duniani aliye hivyo.

Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 jinsi hofu hii inavyojilisha yenyewe. Kabla ya kukutana na watu, kijana anajitungia kichwani namna atakavyoaibika. Akiwa nao, badala ya kumsikiliza anayezungumza naye, anajitazama mwenyewe: natetemeka? Jasho linaonekana? Nimesema upuuzi? Akishaondoka, anayarudia yote usiku kucha, na kila akiyarudia aibu inakua. Wakati huo wenzake wamelala na hawakumbuki kitu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walivishwa fulana ya kuwaaibisha na kuingizwa chumbani kwa wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwamo waliitambua picha iliyokuwa kwenye fulana. Waliotambua kweli walikuwa takriban robo. Kijana wangu, macho unayoyaogopa ni machache kuliko unavyodhani, na mengi kati ya hayo yanajiangalia yenyewe.

Sasa mtu mwenye hofu ya namna hii mpe simu janja. Umempa kila kitu ambacho hofu yake ilikuwa inakitafuta. Anaweza kuandika, akafuta, akaandika upya. Anaweza kujibu baada ya saa nzima. Hakuna anayeona mikono yake ikitetemeka. Hii ni neema, na ni lazima tuseme hivyo wazi. Wapo vijana ambao rafiki yao wa kwanza waliyemwambia ukweli walimwambia kwa maandishi. Wapo waliomwandikia katekista au mlezi wao ujumbe saa sita za usiku, na ujumbe huo ukawaokoa maisha. Mchungaji anayedharau ujumbe wa simu hajui ni milango mingapi imefunguliwa kwa njia hiyo.

Lakini ujumbe ukiwa ndiyo njia pekee, unafanya kazi kama mkopo wa kausha damu. Leo umepata nafuu: hukupokea simu, hukwenda kwenye sherehe, hukusimama kusoma somo, na kifua kimetulia. Kesho deni linadaiwa na riba. Simu inayofuata inatisha zaidi ya ile uliyoikwepa, sherehe inayofuata ni ngumu zaidi, na unakopa tena ili ulipe. Wataalamu wengi wa tatizo hili wanakubaliana katika hilo: kukwepa kunatuliza hofu kwa muda na kuilisha kwa muda mrefu. Hofu hupungua pale mtu anapobaki mahali anapopaogopa, taratibu, mpaka mwili wenyewe ujifunze kwamba hakuna kilichomwua.

Na simu nayo imeleta macho yake. Tangu Novemba 2014, tiki mbili za WhatsApp zinapogeuka bluu mwandikaji anajua amesomwa. Ni jambo dogo kwa mtu mwenye moyo uliotulia. Kwa kijana mwenye hofu, tiki za bluu bila jibu ni hukumu: nimemkera, amenichoka, wanaonesha ujumbe wangu kwa wengine wanacheka. Hivyo hata kule alikokimbilia kujificha, bado anapimwa: nani ameitazama stetasi yangu, nani ameipenda picha, nani ametoka kwenye kundi nilipoandika. Watafiti bado wanabishana ni kwa kiasi gani simu inazalisha hofu na ni kwa kiasi gani watu wenye hofu ndio wanaoikimbilia simu. Kwa sisi tunaoishi na vijana hawa, inatosha kuona kwamba mambo hayo mawili yanashikana mikono.

Hebu turudi kwa Paulo, kwa maana hakuna mtume aliyeishi kwa maandishi kuliko yeye. Alikuwa Efeso, ng'ambo ya bahari, na bahari hiyo aliivuka kwa barua. Tena Wakorintho walimsengenya kwa jambo hilo hilo. Katika sura ya 10 ya waraka wa pili Paulo mwenyewe anayataja masengenyo yao: barua zake ni nzito na zina nguvu, ila akiwapo yeye mwenyewe ni dhaifu na usemi wake si kitu. Ni vijana wangapi leo wanaweza kusema, hayo yananihusu mimi? Naye hakuona aibu kukiri, katika sura ya 2 ya waraka wa kwanza, kwamba alipofika kwao mara ya kwanza alikuwa anatetemeka kwa hofu. Mtume wa mataifa alitetemeka. Hakungoja kutetemeka kuishe ndipo aende.

Basi Paulo anazipenda barua na anazitumia bila kuomba radhi. Lakini katika sura yetu ya 16 anasema jambo la ajabu. Wakorintho walikuwa wamemwandikia barua; anaitaja mwanzoni mwa sura ya 7 na kuijibu hoja kwa hoja. Hata hivyo, furaha yake haitokani na barua hiyo. Anafurahia kufika kwa watu watatu, Stefana, Fortunato na Akaiko, na anasema wao ndio walioziba pengo la kutokuwapo kwa wengine na kuiburudisha roho yake. Barua ilikuwa imeleta maswali. Watu watatu walileta nyuso, sauti, vumbi la safari na habari ambazo hakuna anayeziandika. Mzee aliyeandika Waraka wa Pili na wa Tatu wa Yohane alifika mahali hapo hapo: anasema ana mengi ya kuandika, lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino, anatumaini kuja waonane uso kwa uso ili furaha ikamilike. Barua zote hizo zinatazama mbele, kuelekea siku ya kuonana.

Hicho ndicho kipimo ninachowaomba tukitumie. Ujumbe mwema ni ule unaofungua njia ya kukutana. Ujumbe unaofunga njia hiyo, hata ukiwa na maneno mazuri, unatuacha na njaa. Mwaka 2021 Amit Kumar wa Chuo Kikuu cha Texas na Nicholas Epley wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu watu waliotakiwa kuwasiliana tena na rafiki wa zamani. Wengi walidhani kupiga simu kungekuwa na aibu zaidi kuliko kuandika barua pepe. Walipopiga, aibu waliyoipata haikuzidi ile ya kuandika, na waliosikia sauti walijiona karibu zaidi na rafiki zao. Hofu ilikuwa imewadanganya kuhusu kitu ambacho wangekipenda.

Lakini tusianze kuwashauri vijana kabla hatujatii agizo tulilopewa sisi. Korintho ilimtisha Timotheo kwa sababu Wakorintho walikuwa watu wa kutisha. Je, sisi?

Tumwangalie mtoto anayetoka shule ya msingi, ambako kwa miaka yote amejifunza kwa Kiswahili, na kuingia kidato cha kwanza ambako masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Siku ya kwanza anajibu swali, anakosea kitenzi, darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu naye anacheka. Mtoto huyo amejifunza somo moja ambalo hatalisahau: kufungua mdomo ni hatari. Tumwangalie binti anayeingia sebuleni palipo na wageni na kukaribishwa kwa maneno "umenenepa, eh!" au "mchumba tutamwona lini?" Tumwangalie kijana ambaye makosa yake husomwa na mzazi mbele ya majirani. Tuyaangalie makundi yetu ya simu, ambako picha ya mtu aliyefumba macho inageuzwa stika na kuzungushwa mtaa mzima, na maneno aliyomwandikia rafiki kwa siri yanapigwa picha na kupelekwa kwingine. Baada ya hayo yote tunauliza kwa nini vijana hawazungumzi. Vijana wamesoma mazingira yao vizuri kabisa.

Kwa hiyo, wazazi, neno langu la kwanza ni kwenu. Acheni kumwita mtoto wenu majina mbele za watu, hata kwa utani. "Huyu wetu bubu" ni utani kwenu. Kwake ni cheti cha kuzaliwa cha pili. Msimjibie anapoulizwa swali. Mgeni akiuliza anasoma darasa la ngapi, ngojeni, hata kimya kikirefuka. Mpeni kazi ndogo ndogo za kuzungumza: akaulize bei dukani, ampigie shangazi kumshukuru, apokee mgeni mlangoni. Akirudi msimkosoe. Na msikimbilie kumnyang'anya simu kama adhabu, kwani huenda ndilo daraja pekee alilobakiwa nalo. Wekeni sheria ya mezani: wakati wa chakula simu zote zinakaa kando, ya baba ikiwa ya kwanza. Mtoto anayeongea na paji la uso la mzazi aliyeinamia simu atajifunza kwamba uso wake haustahili kutazamwa.

Neno la pili ni kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kulijenga Kanisa letu juu ya jumuiya hizi, walitaka watu wakutane mahali padogo kiasi cha kujuana kwa sura na kwa jina. Hapo ndipo Timotheo angepaswa kupumua. Badala yake mara nyingi tunamvizia: "Leo kijana wetu huyu atatuongoza sala ya kufungia!" Macho ya watu ishirini yanamgeukia, naye wiki ijayo haji. Kuna njia bora, na simu inatusaidia. Mwenyekiti amwandikie siku tatu kabla: Jumamosi tunaomba utusomee somo, ni mistari hii, ukipenda njoo dakika kumi mapema tusome pamoja. Akisoma akakwama, pasiwe na mguno. Akimaliza, ashukuriwe kwa utulivu bila makofi ya kumfanya kiroja. Wazee wetu, ninyi ndio wenye kuanza salamu siku za jumuiya. Mtoto asipotoa shikamoo, mwite kwa jina, muulize habari za shule, mpe nafasi. Heshima yenu haitapungua.

Walezi wa vyama vya vijana Wakatoliki, VIWAWA na TYCS, msimamieni kila anayeongoza kundi la simu. Marufuku stika za kumdhalilisha mwenzenu. Marufuku kusambaza maneno ya faragha. Asiyeandika kwenye kundi msimtoe na msimsute; mwandikieni pembeni, mmoja tu kati yenu, kumjulia hali. Na kila kundi liwe na siku ya kuonana. Kundi la vijana lisilokutana kamwe limekuwa mahali pa kujificha pamoja.

Sasa nazungumza nawe, kijana mwenye hofu, na naomba unisikilize kama mtu anayekupenda. Nimekuwekea rafiki katika Injili ya Yohane: Nikodemo. Alikuwa mwalimu na mtu wa baraza, na aliyaogopa macho ya wenzake. Kwa hiyo alimwendea Yesu usiku. Yesu hakumwambia arudi mchana. Alimpokea usiku ule ule alioweza kuja, akampa mafundisho makubwa kuliko aliyowapa wengi waliomfuata kwenye mwanga. Katika sura ya 7 tunamwona tena Nikodemo, safari hii barazani, mbele ya wale wale aliowaogopa. Hahutubii. Anauliza swali moja tu: je, sheria yetu inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? Wanamzomea, wanamuuliza kama naye ametoka Galilaya. Anakaa kimya, wala haikuwa mwisho wake. Katika sura ya 19, siku ambayo wanafunzi wenye sauti kubwa wamekimbia, Nikodemo anakuja waziwazi kuuzika mwili wa Bwana, amebeba mchanganyiko wa manemane na udi wa ratli zipatazo 100. Naye hakuwa peke yake. Alikuwa na Yosefu wa Arimathaya, ambaye Injili inasema alikuwa mwanafunzi wa siri kwa sababu ya hofu. Watu wawili waoga walishikana wakafanya kazi ambayo mashujaa waliikimbia.

Jifunze hatua zake. Anza na unachokiweza, hata kama ni usiku, hata kama ni ujumbe. Unaweza kuniandikia mimi padre wako, au mlezi wako, nitakujibu. Lakini usijenge nyumba hapo. Wiki hii rekodi sauti badala ya kuandika. Wiki inayofuata piga simu ya dakika mbili kwa mtu mmoja unayemwamini. Kisha mkutane, wewe naye tu. Kisha uulize swali moja katika kikundi, kama Nikodemo, swali moja tu. Moyo ukianza kwenda mbio usikimbie. Baki, pumua taratibu, mtazame unayezungumza naye na sikiliza anachosema badala ya kujichunguza. Ukikosea na wakacheka, umepata kilichompata Nikodemo barazani, na hadithi yake haikuishia hapo. Tena mtafute Yosefu wako wa Arimathaya. Katika kila jumuiya yuko mwingine anayeogopa kama wewe, na mkiingia wawili mlango unakuwa mpana.

Kuhusu sakramenti ya Kitubio, najua wengi wenu mnaikwepa kwa sababu hii hii. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilieleza kwamba sakramenti haziwezi kutolewa kwa njia ya intaneti. Neema hizo zinahitaji tuwepo. Lakini sheria ya Kanisa inataka pawepo na kiti cha kitubio chenye wavu kati ya padre na mwenye kutubu, na kila anayetaka anaweza kukitumia. Mama Kanisa aliwafikiria watoto wake wenye haya zamani sana. Njoo upande wa wavu. Andika dhambi zako kwenye karatasi uzisome kama ulimi utakwama. Sauti ikitetemeka, Mungu anaisikia vizuri.

Lipo jambo la mwisho, na ni zito. Hofu ikimshika mtu kwa miezi sita au zaidi, ikamzuia masomo, kazi au usingizi, huo ni ugonjwa, na ugonjwa una tiba. Si pepo, si laana ya ukoo, na si upungufu wa imani. Mpelekeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa, na pale inapohitajika kuna dawa. Sala inakwenda pamoja na tiba, haichukui nafasi yake. Na kijana akisema au akiandika kwamba hataki tena kuishi, hata kama anaonekana anatania, msimwache peke yake hata saa moja. Tanzania na Kenya namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto.

Wala msiseme sisi si wataalamu. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mmoja mmoja kila aliyelemewa na mawazo na huzuni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kwamba waliozungumza na walezi hao wa kawaida walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, na benchi hilo sasa limefika hadi Zanzibar. Kenya nayo ina Shamiri, mpango ambao vijana waliotoka shuleni karibuni huongoza vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari kwa saa moja kwa wiki, muda wa wiki nne. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionesha kwamba wasiwasi na sonona vilipungua kwa wanafunzi hao. Bibi kwenye benchi, kaka aliyemaliza kidato cha sita: hawa tunao katika kila parokia. Eunike na Loisi tunao.

Zoezi la wiki hii ni moja kwa kila mtu. Wewe mtu mzima, mchague kijana mmoja aliye kimya katika nyumba au jumuiya yako, mwandikie ujumbe wa upole, kisha umtembelee au umkaribishe mle pamoja, bila kumuuliza kwa nini yuko kimya. Wewe kijana, mchukue mtu mmoja unayemwandikia tu, na kabla ya Jumapili umsikie sauti yake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempokea Nikodemo usiku bila kumwaibisha, wapokee watoto wetu wanaoogopa macho ya watu. Utusamehe sisi tuliowacheka, tuliowabandika majina na kuwapita bila kuwatazama. Utupe macho yasiyohukumu na masikio yenye subira. Wape vijana wetu hatua moja ya leo, na mwenzi wa kutembea naye, hadi wasimame kwa furaha kati ya ndugu zao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.